Sikio Linauma, Goti Lina Nini?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano kumi. Mama alikuwa fundi cherehani, na siku hizi macho yake na matundu ya sindano hayakuelewana. Jina la Kasuku alipewa na majirani, kwa sababu mtoto huyu alianza kuongea kabla hajanawa uso na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue.

Kazi kubwa ya mama ilikuwa kushona makoti meupe ya zahanati. Aliyemtafutia kazi hiyo ni Daktari mwenyewe, mtu mcheshi aliyesifiwa mtaa mzima. Mama alimwita kaka, na Kasuku akafundishwa kumwita mjomba. Kwa hiyo sikio la Kasuku lilipoanza kutoa usaha, wangekwenda kwa nani mwingine? Akaandikiwa kwenda kusafishwa kila Jumatano.

Kwenye mlango wa Daktari palibandikwa tangazo: MTOTO ASIPIMWE BILA MZAZI AU MUUGUZI. Jumatano mbili za kwanza mama aliingia naye. Ya tatu, Daktari alipochungulia nje, alimkuta mama akimpima muuguzi mmoja mabega.

"Endelea na kazi yako, dada," alisema. "Huyu si ni mwanangu?"

"Nenda na mjomba wako," mama akajibu, pini zikiwa mdomoni.

Tangazo lile mama aliliona kila alipofika pale, lakini kwake lilikuwa la watu baki, si la watu waliokwisha kuwa ndugu. Hapo ndipo alipokosea.

Daktari alifunga mlango, akazungusha ufunguo. Alilitazama sikio mara moja tu. Kisha akavuta kiti karibu, akaweka mkono kwenye goti la Kasuku, wala hakuuondoa. Kasuku akasogea. Mkono ukamfuata.

"Sikio ndilo linaloniuma, mjomba."

Daktari akacheka. "Sisi ni marafiki, au siyo? Jumatano ijayo njoo peke yako jioni, wenzangu wakishatoka. Nitakupa saa ya mkononi. Lakini hiyo ni siri yetu. Mama usimwambie, atakugombeza bure."

Kasuku alitoka, akaongozana na mama kurudi nyumbani. Alijiuliza njia nzima: sikio linauma, goti lina nini? Na kama hakuna ubaya, kwa nini mama asiambiwe? Alifungua mdomo mara mbili, akaufunga. Mama alikuwa akihesabu makoti aliyoagizwa, uso umemchangamka. Nikisema, aliwaza Kasuku, mama atanyang'anywa kazi. Na nani ataniamini mimi, mtoto nisiyenyamaza, dhidi ya mtu anayependwa hivyo?

Siku zilizofuata alirudisha sahani ikiwa bado imejaa. Darasani, jirani yake wa dawati alimgusa kiwiko. "Wee Kasuku, leo umemeza gundi? Tangu asubuhi hujanipigia kelele." Kasuku alitabasamu kwa shida. Usiku aliota ufunguo ukizunguka. Jumanne alimwambia mama kwamba sikio limepona, lakini foronya ilikuwa na madoa ya usaha na mama aliyaona.

Jumatano ikafika. "Jioni nenda mwenyewe," mama alisema bila kuinua kichwa. "Njia unaijua, na mimi nina makoti sita ya kumaliza."

Kasuku alikuwa akitunga uzi. Uzi ukapita pembeni mara tatu, na machozi yakamdondoka kwenye kitambaa cheupe.

"Nini tena? Utanichafulia kazi!"

"Mama, sitaki kwenda. Alifunga mlango kwa ufunguo. Aliniwekea mkono gotini, nikasogea, akaniwekea tena. Akasema niende peke yangu na nisikwambie."

Cherehani ikanyamaza. Mama alimtazama, akataka kusema labda umeelewa vibaya. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Lakini aliona jinsi mtoto wake alivyokuwa akimsubiri, pumzi ameibana, akayameza. Alimvuta kifuani.

"Nakuamini," alisema. "Vaa viatu."

"Na makoti?"

"Makoti yatajijua yenyewe!"

Hawakwenda kwa Daktari. Walikwenda kwa Muuguzi Mkuu, mwanamke wa miwani mizito ambaye watoto wote walimkimbia kwa sababu ya sindano zake. Alifungua daftari, akamwomba mama asimsaidie mtoto kuongea, akasubiri. Kasuku alisimulia kwa sauti iliyokwama kila baada ya maneno mawili. Alipofika kwenye ufunguo, kalamu ya muuguzi ilisimama, kisha ikaendelea.

"Mimi ndiye niliyemwambia aingie," mama akasema, akilia.

"Aliyefunga mlango ni yeye," Muuguzi Mkuu alijibu. "Na wewe, mwanangu, hujakosa chochote. Sikiliza. Daktari hugusa panapouma, hueleza anachofanya, na mzazi au muuguzi huwa anaona. Akikuomba siri, hiyo si tiba."

Siku hiyo hiyo alipiga simu kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa ofisa wa ustawi wa jamii na kwa polisi. Daktari akasimamishwa kazi. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Bombani mwanamke mmoja alisema kwa makusudi, asikike, kwamba watoto wa siku hizi wanawaponza watu wa heshima. Mama alitua ndoo. "Huyo mtoto ni wangu," alisema. "Ukiwa na neno, niambie mimi." Mwanamke akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Kasuku hata hivyo aliogopa kutoka nje, akajuta, akatamani angenyamaza.

Kisha Muuguzi Mkuu akaja nyumbani mwenyewe. Alimwita Kasuku karibu, akamwambia kwamba wasichana wawili wamejitokeza na wazazi wao, na mmoja alikuwa amenyamaza mwaka mzima. "Aliposikia kuna aliyesema na akaaminiwa, naye akasema. Kesi inakwenda mahakamani." Halafu akamgeukia mama. "Na makoti ni ya zahanati, si ya mtu. Tunayasubiri."

Jumatano iliyofuata walikwenda kwa daktari mpya, mzee mmoja mpole. Mama aliingia, muuguzi akasimama kando, mlango ukaachwa wazi kidogo. "Naomba nishike sikio lako," mzee alisema. Kasuku alishusha pumzi, akaitikia.

Wakiwa njiani kurudi, mama alimshika mkono.

"Mwanangu, mtu yeyote, hata ndugu, hata mwenye koti nililoshona kwa mikono yangu, akikwambia neno fulani lisifike kwa mama, neno hilo niletee la kwanza. Hata kama nina kazi. Hata kama namsifu huyo mtu mbele yako."

"Na usiponiamini?"

Mama alisimama katikati ya njia. "Mwambie mwingine, na mwingine, mpaka umpate atakayekuamini. Lakini anza na mimi."