Baiskeli ya Umeme na Uji wa Rebeka

Baridi ya mwezi wa sita huku Njombe haina adabu. Inaingia ndani bila kubisha hodi. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kwa barafu, na maji ya ndooni yanauma vidole.

Dorika alikuwa ameshawasha moto. Alikoroga uji wa ulezi, akatia maziwa, akaonja, akaongeza sukari kidogo. Mumewe, mzee Gideoni, alikaa kwenye kigoda akisugua goti lake la kulia. Goti hilo liliangukiwa na gogo zamani, alipokuwa anapasua mbao. Tangu siku hiyo halikuwa goti la kutegemea.

Uji haukuwa wao. Ulikuwa wa Rebeka, binti yao wa pekee. Rebeka alikuwa amelazwa hospitali mjini Njombe, anaumwa kifua. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinampwaya. Chakula cha aina yoyote kilimshinda. Uji wa mama yake tu, tena ukiwa moto, ndio aliokuwa akiumaliza.

"Ongeza kidogo, mama Rebeka," alisema Gideoni. "Binti kaniambia kuna dada kitanda cha jirani, hana ndugu wa kumletea. Wanagawana."

"Nimeshaongeza," alijibu Dorika. "Wewe wahi tu. Ukipoa hataunywa."

Kuwahi ndiko kulikokuwa na kazi. Basi la kijiji lilipita siku za gulio tu. Themosi yao ilipasuka siku ya kwanza ndani ya basi hilo kwa mashimo ya barabara, kwa hiyo uji ulikwenda kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, umefungwa blanketi la Rebeka la utotoni. Na njia yenyewe inashuka mpaka mtoni, halafu inapanda, inapanda, na ukidhani imekwisha kupanda, inapanda tena. Kwa miguu na goti lile, Gideoni alifika mjini uji umeshapoa.

Miaka hiyo biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo watu walivisikia redioni tu vilianza kujaa madukani. Vingi vilishuka Makambako, pale reli na barabara kuu zinapokutana. Gideoni akasikia kwamba huko kuna baiskeli zinazotembea kwa umeme. Alimuuza mtamba wake, akapanda lori, akaenda.

Muuzaji aliitwa Ussi. Alikuwa kijana wa Pemba aliyehamia Makambako, fundi wa baiskeli, mpole wa maneno. Alimwonyesha Gideoni baiskeli mbili.

"Mzee, hii ni mpya, ya Kichina," alisema Ussi. "Mota yake iko katikati ya gurudumu la nyuma. Unazungusha mkono kama pikipiki, unakwenda. Hii nyingine ni mtumba wa Kijapani. Mota iko hapa chini kwenye pedeli. Hii lazima ukanyage, yenyewe inakusaidia."

"Nikanyage kwa goti hili?"

"Njia yako ikoje? Kuna mlima?"

Gideoni alifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Hakuna mlima. Kuna kupanda kidogo tu ukitoka mtoni."

Msimwite mwongo. Njia ile aliipanda akiwa mgongoni kwa mama yake. Aliipanda akienda shule, akaipanda siku ya harusi yake amevaa viatu vya kuazima. Kwake yeye mlima ni ile safu inayoonekana mbali upande wa Makete, yenye mawingu kichwani. Hii ya kwao ilikuwa njia tu. Na Ussi, ambaye kwao Pemba mlima ni kichuguu ukilinganisha na huku, akaridhika na jibu.

Gideoni aliijaribu ile mpya kwenye uwanja wa sokoni. Uwanja ni tambarare, na hakubeba kitu. Baiskeli iliruka. Watu walipiga makofi. Mzee alicheka, na hakuwa amecheka tangu Rebeka alazwe. Akailipia pale pale.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Uji ulifika moto. Gideoni alichaji betri kwa kinyozi karibu na hospitali, kwa sababu kijijini umeme haukuwepo. Rebeka alishika kikombe kwa mikono miwili, akamtania.

"Baba, siku hizi umekuwa kijana wa mjini!"

Lakini kwenye kupanda kule, mota ilianza kutoa harufu. Gideoni akasema moyoni, kitu kipya hakikosi harufu. Betri nayo ilichoka mapema kila siku. Aliilaza nje kwenye kibanda cha mbuzi, barafu ikaishukia usiku kucha. Nani angemwambia? Betri haina mdomo.

Ikafika asubuhi ile. Katikati ya kupanda, mota ilinguruma, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Gurudumu likawa zito. Gideoni aliteremka, akasukuma. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Goti lilimtoa machozi. Kila alipogusa ndoo, joto lilikuwa limepungua.

Alipofika wodini jua lilikuwa juu. Kitanda cha Rebeka kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na hakuna mtu juu yake. Nesi Fidelia alikuja haraka, akamshika mkono.

"Pole sana, mzee. Rebeka ametutoka asubuhi hii."

Gideoni aliishika ndoo kwa mikono miwili. Kisha akauliza swali ambalo hata yeye hakujua limetoka wapi. "Alikula?"

Nesi aliinamisha macho. "Nilimpa uji wetu. Alisema anamsubiri baba."

Gideoni aliketi kwenye benchi, ndoo mapajani. Nesi alimweleza kwamba hata angewahi, binti asingepona, ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Yalikuwa maneno ya kweli na ya huruma. Hayakumsaidia kitu. Alifungua mfuniko, akaona uji umeganda utando juu, akalia mbele za watu.

Baada ya mazishi, Gideoni aliipandisha baiskeli kwenye lori, akarudi Makambako. Alikuwa amejiandaa kugomba. Ussi aliifungua mota. Waya za ndani zilikuwa nyeusi.

"Umeniuzia ubovu!" alisema Gideoni. "Mwanangu amekufa akisubiri uji!"

Ussi aliacha spana. Alifuta mikono kwa kitambaa.

"Poleni sana, mzee wangu. Haikuwa mbovu. Haikuwa ya njia yako. Mimi niliuliza kwa mdomo, sikwenda kuona. Nipe nafasi nije nihani msiba, na hiyo njia niione."

Alikuja siku iliyofuata na gari dogo la mizigo. Alikuwa amepakia baiskeli mbili, moja ya mota ya gurudumu na ile ya mtumba. Alimpa Dorika mkono wa pole, akakaa na wafiwa. Kisha wote watatu wakashuka mtoni. Ussi aliinua uso, akaitazama barabara mpaka inapopotelea kwenye misonobari.

"Mzee, ni huu?"

"Ndio huu."

"Na ukaniambia hakuna mlima!"

"Sisi huwa tunapita tu, fundi."

Hakuna aliyecheka. Ussi alifunga debe la viazi kwenye keria ya kila baiskeli. Alianza na ya mota ya gurudumu. Hakufika mbali, akasimama, akamwita Gideoni.

"Sogeza kiganja, usiguse."

"Lo! Inachoma!"

"Mota hii haitumii gia za baiskeli," alieleza Ussi. "Kwenye tambarare inakimbia vizuri, na haina mambo mengi ya kuharibika. Ila kwenye mlima mrefu na mzigo inazunguka polepole mno. Umeme mwingi unageuka joto, mwisho waya zinaungua. Sasa panda hii nyingine. Weka gia nyepesi."

Gideoni alipanda kwa mashaka. Akakanyaga. Goti lilizunguka tu, halikusukuma. Baiskeli ilikwenda taratibu, lakini haikusimama. Alipozunguka kona ya kwanza, mota ilikuwa vuguvugu tu.

"Hii inasukuma cheni," alisema Ussi, akihema nyuma yake. "Kwa hiyo gia nyepesi inaisaidia, kama inavyokusaidia wewe. Lakini sikufichi. Cheni itakwisha haraka, uipake mafuta na kuibadilisha mapema. Na betri usiilaze nje. Baridi inaipunguzia nguvu. Ilaze ndani mnapolala, ila mbali na moto."

Dorika, aliyekuwa amewafuata kwa miguu, akauliza, "Na hii ikiharibika, tunaipeleka wapi? Huo ni mtumba. Spea zake ziko Japani?"

"Umeuliza swali ambalo wengi hawaniulizi, mama. Madukani spea zake hazipo, na betri nyingine haziikubali. Ila ninazo mbili za aina hii hii nilizozifungua, hizo ndizo spea zenu. Betri ikichoka, nabadilisha vijibetri vya ndani mwenyewe. Kama nisingekuwa nazo, ningewaambia msiichukue, hata kama inapanda mpaka mawinguni. Ile iliyoungua naichukua, nawaachia hii."

Gideoni alishuka kwenye baiskeli. Aliushika usukani bila kuitazama.

"Ya nini sasa, fundi? Niliyekuwa nampelekea hayupo."

Ussi aliinama kufungua debe la viazi. Ni Dorika aliyejibu, akitazama maji ya mtoni kule chini.

"Dada wa kitanda cha jirani yupo."

Kesho yake Dorika alikoroga uji wa ulezi. Aliuonja, akaongeza sukari kidogo, kama Rebeka alivyoupenda. Alifunga ndoo kwa blanketi lile lile. Gideoni aliichukua betri chumbani, akatia mafuta kwenye cheni, akaondoka.

Alishuka mtoni, akaweka gia nyepesi, akapanda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuona ule mlima, urefu wake wote. Alifika wodini watu wengine ndio kwanza wanaingia. Dada wa kitanda cha jirani, Salha, alijiinua kwa kiwiko.

"Kamwene, baba yake Rebeka," alisema polepole. Salamu hiyo ya huku Njombe alifundishwa na Rebeka.

Gideoni alifungua mfuniko. Mvuke ulipanda mpaka usoni kwake. Salha alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akashtuka.

"Baba, uji ni wa moto kabisa. Mbona unalia?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema Gideoni. "Leo umefika moto."