Diski Aliyoichagua Swaumu

Kila alasiri, Swaumu akirudi kutoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwashia kompyuta mdogo wake, Zuhra, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Zuhra alipanda kitini, akakunja miguu na kusubiri sauti ya baba yao. Baba huyo, Mwalimu Hilali, alifariki Zuhra akiwa bado ananyonya. Enzi za uhai wake, kila aliposafiri kikazi aliwarekodia wanawe hadithi, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiha, lugha ya kwao. Mama yao, Kuruthumu, alizihamishia zote kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, Kasulu. Zuhra hakumjua baba mwingine ila huyo wa kwenye spika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechakaa. Siku moja ilizimika katikati ya hadithi, ikakawia kuwaka, na tangu hapo mama hakutulia. Alimchukua Swaumu wakaenda mjini, dukani kwa Saady, muuza vifaa vya kompyuta, kununua diski ya kubebeka ya kuhifadhia nakala za rekodi zote.

Saady aliweka mbili mezani. Moja ilikuwa nyeusi, ya kawaida. "Hii, mama Swaumu, ni kuchomeka, kunakili na kuchomoa. Basi," alisema. Ya pili ilikuwa ya buluu, ina kitaa kinachometameta, nywila na programu yake yenyewe. Saady hakuficha kwamba programu hiyo iliwasumbua wateja wengi.

Mama alichukua ile nyeusi, maana alitaka kitu atakachoweza kukitumia mwenyewe. Swaumu akamvuta pembeni. Darasani alikuwa wa kwanza katika somo la kompyuta, na aliona aibu kuondoka na diski ambayo mtu yeyote angeiweza. Akamwambia mama kuwa ya buluu ndiyo salama zaidi, na kwamba yeye ataisimamia. Mama alisita, kisha akamwamini.

Nyumbani, programu ilijaa Kiingereza kigumu. Ilidai nywila, ikadai barua pepe, ikadai akubali masharti asiyoyaelewa. Swaumu alijaribu jioni ile, akajaribu tena kesho yake, ikagoma. Mama alipochungulia na kuuliza kama tayari, Swaumu alijikuta akijibu kwamba tayari, kila kitu kimeingia. Alidhamiria kuimaliza kazi hiyo Jumamosi. Jumamosi ikapita. Diski ikafungwa kwenye kitambaa, ikawekwa kabatini ikiwa tupu.

Mama akachangamka, na uchangamfu huo ulimuumiza Swaumu kuliko kugombezwa. Aliwasimulia majirani jinsi binti yake alivyoihifadhi sauti ya marehemu. Kila mazungumzo hayo yalipoanza, Swaumu alitafuta sababu ya kuondoka. Mvua zilipoanza na radi kuunguruma, hata chakula kilimshinda.

Siku radi ilipopiga karibu na nyumba yao, mama na Zuhra walikuwa shambani Heru Juu wakipalilia maharage, na Swaumu alikuwa shuleni. Waliporudi, nyumba ilinuka waya ulioungua. Zuhra alibonyeza kitufe cha kompyuta, akabonyeza tena, akaanza kulia. Mama akambeba.

"Nyamaza, mwanangu," alisema kwa upole. "Dada yako amemhifadhi baba vizuri. Swaumu, lete ile diski."

Swaumu alisimama mbele ya kabati. Angeweza kusema amesahau nywila, na hakuna ambaye angegundua. Lakini alipogeuka alimwona mama ameshaanza kupangusa meza ili diski ipate mahali, akaitoa diski na kuiweka mezani.

"Mama, haina kitu," alisema. "Ilinishinda tangu mwanzo, nikakudanganya."

Mama aliketi. Hakumpigia kelele wala kumwinulia mkono. Alimtazama tu, na siku hiyo hakusema naye tena.

Asubuhi walirudi kwa Saady, na Swaumu aliambiwa aeleze yote kwa mdomo wake. Saady alisema radi mara nyingine huunguza sehemu ya umeme tu na kuiacha nzima diski iliyomo ndani. Aliwaelekeza kwa fundi Nsabimana wa Kibondo, akaipokea ile ya buluu na kuwabadilishia kwa nyeusi.

Njia nzima ya Kibondo Swaumu aliipakata kompyuta. Fundi aliitoa diski ya ndani, akaiunganisha na mashine yake. Mama alisoma dua chinichini. Mafaili yakaanza kujitokeza. Hadithi kadhaa za Kiha hazikufunguka, na fundi alisema hizo zimepotea. Nyingine zilipona. Sauti ya Mwalimu Hilali ilipojaa chumbani, mama alifunika uso kwa mtandio.

Kisha aliomba anakili yeye mwenyewe. Alichomeka ile diski nyeusi, akafuata maelezo ya fundi taratibu, hadi mwisho. Walipotoka nje ndipo aliposema na binti yake.

"Kushindwa si kosa, Swaumu. Ungeniambia siku ile ile, tungeirudisha dukani na hadithi zote zingekuwepo. Mimi nilitaka kitu nitakachokiweza hata usipokuwepo. Akili zako nazijua, hukuwa na haja ya kunionyesha kwa diski. Na uliposema umemaliza, mimi niliacha kuangalia kama ziko salama. Hapo ndipo uongo wako ulipotuumiza."

Swaumu alilia, akauliza Zuhra atazisikia wapi zile zilizopotea.

"Wewe ulizisikia mara nyingi," mama alijibu. "Utamsimulia. Na ukifika mahali usipopakumbuka, mwambie hukumbuki."