Marahaba ya Bibi Apolinaria

Kila asubuhi kabla ya shule, Koleta na Suzana walikwenda kisimani pamoja, kila mmoja na ndoo yake kichwani na hadithi zisizokwisha mdomoni. Njia waliyoifuata ilikuwa ya zamani sana. Wapagazi wa misafara walipita hapo na mizigo yao wakielekea pwani, na wazee wa kijiji chao, kilicho mbele kidogo ya Ipole, walipenda kujisifu kwamba tangu zama hizo hakuna mtu aliyepita kwao bila kusalimiwa. Lilikuwa jambo la kujivunia kweli, mpaka mwaka ule bani la kukaushia tumbaku lilipoungua.

Koleta alikuwa darasa la sita. Baba yake, Mzee Mhoja, alilima tumbaku, tena alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Alipenda haki, ila fimbo yake haikukaa mbali naye. Kosa dogo lilipata fimbo, kosa kubwa lilipata fimbo, na Koleta alikwishajifunza kuyaficha yote mawili.

Siku ya mkasa aliachiwa kazi ya kuchochea moto wa bani, ile nyumba ya udongo ambamo majani ya tumbaku hutundikwa kwenye fito ili yakauke kwa joto. Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki haraka: unatia gogo, unasubiri, unatia jingine. Koleta akasikia wenzake wakicheza rede uwanjani. Akasukumia magogo mengi kwa mpigo, yamtoshe mchana kutwa, akatimua mbio. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hamu ya mchezo, basi.

Joto likazidi mno. Ufito mmoja ukaanguka juu ya bomba la kupitishia joto na majani makavu yakashika. Watu walipofika na ndoo zao, bani lilikuwa limekwisha, pamoja na tumbaku ya familia kadhaa zilizolitumia kwa zamu.

Baba akamuuliza ni nani aliyepita pale. Koleta akaitazama fimbo, akajibu kwamba alimwona Bibi Apolinaria akipita na mwenge wa kufukizia nyuki. Hilo lilikuwa kweli. Bibi Apolinaria, mjane aliyeishi na mjukuu wake Suzana, alikuwa na mizinga porini, na mchana ule alipita na mwenge wake ukifuka moshi. Koleta hakuongeza neno, na mwanzoni alijifariji kwamba hajasema uongo.

Mkutano ukaitishwa mbele ya ghala la tumbaku. Bibi alieleza kwamba alipita mbali na bani, upepo ukipeleka moshi wake porini. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa na hasira, na hasira ilitaka mtu wa kuibeba. Wakaamua atengwe mpaka akiri kosa, na Mzee Mhoja ndiye aliyetangaza.

Wasioijua adhabu hiyo huiona nyepesi, kwa kuwa haina kiboko wala damu. Aliyetengwa hasalimiwi. Moto ukimzimikia, haombi kaa kwa jirani. Akifika kisimani, wengine husogea kando mpaka aondoke, na anayevunja amri hutengwa naye. Bibi hakuweza kukiri kosa ambalo hakulitenda, kwa hiyo adhabu haikuwa na mwisho.

Suzana sasa alichota maji peke yake. Darasani alikaa peke yake pia, maana watoto waliwaiga wakubwa, wakapitiliza. Aliwahi kumtazama Koleta kwa kitambo, akisubiri neno. Koleta akajifanya anatafuta kalamu.

Siku moja Koleta alikutana na Bibi njiani, amebeba kuni. Koleta akainamisha kichwa, akapita kimya kama alivyoagizwa. Nyuma yake akasikia sauti ya upole:

"Marahaba, mjukuu wangu."

Koleta hakuwa amesema kitu. Alipogeuka, alimwona Bibi ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyekosea, kisha akaendelea na safari yake. Yalikuwa mazoea tu ya miaka mingi. Koleta alilia mpaka nyumbani.

Hata hivyo aliogopa. Akaahirisha leo, akaahirisha kesho, mpaka alipoona bodaboda imesimama kwa Bibi na mjomba wa Suzana akifunga begi. Suzana alikuwa anahamia Tabora mjini, mtaa wa Ipuli, kwa sababu alikataa kurudi tena shuleni. Aliondoka bila kugeuka.

Koleta akaenda moja kwa moja kwa baba yake, aliyekuwa akikanyaga udongo wa bani jipya.

"Baba, bani nililichoma mimi. Nilijaza magogo nikaenda kucheza."

Mzee Mhoja akasimama na udongo wake miguuni. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa fimbo."

Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mzee Mhoja aliitazama kwa muda mrefu, lakini hakuichukua.

Mkutano ukaitishwa tena, Bibi akaombwa radhi. Kamanda alikuwa wa kwanza kufika mlangoni kwake, akavua kofia na kusema shikamoo. Kijiji kizima kikafuata, na Bibi akamwitikia kila mmoja. Zamu ya Koleta ilipofika, alipiga magoti akaomba msamaha.

"Nimekusamehe," Bibi akasema. "Lakini mkutano ulinitenga mimi. Suzana ulimtenga wewe. Huyo utamwomba mwenyewe, akikubali kukusikiliza."

Njiani kurudi, baba alitembea polepole. "Mwanangu, ulisema neno moja la kweli ili ufiche jingine, na hilo ni uongo kamili. Nami nilimhukumu mtu bila kumsikiliza. Fimbo yangu imekufundisha kuogopa, haikukufundisha kusema kweli. Kuanzia leo, ukikosa, njoo useme. Tutatengeneza pamoja."

Tangu hapo Koleta huchota maji ya kwao, kisha ya Bibi Apolinaria. Humwamkia angali mbali, kwa sauti kubwa, naye Bibi huitikia. Kisha humuuliza kama Suzana atakuja likizo. Bibi hujibu kwamba bado hajasema.