Koloneli wa Kitabu cha Saba

Stendi ya Nachingwea ilikuwa imefurika watu na magunia ya ufuta siku ile Swalehe alipomwona dada mwenye gauni la kitenge cha njano na ushungi mweupe, kakaa juu ya begi lake, kazama kwenye kitabu cha upelelezi cha Kiingereza. Swalehe, mwalimu wa sekondari, uzalendo ukamshinda.

"Samahani dada, hicho ni cha nne katika mfululizo. Ukianzia hapo umejiharibia uhondo. Anza na cha pili."

"Na cha kwanza je?"

"Achana nacho. Mwandishi alikuwa bado anajifunza."

Dada akacheka. "Haya mwalimu, nitafutie hicho cha pili."

Aliitwa Faudhia, muuzaji wa duka la dawa za mikorosho kule Ruangwa. Shule aliishia kidato cha pili. Kiingereza chake chote alikitoa vitabuni, akisoma kimya kimya bila mtu wa kumsikiliza. Swalehe akampelekea cha pili kwa mkono wa Hemedy, konda wa basi la Ruangwa, kisha cha tatu, na kila jioni simu ikawa haipoi. Kwa vile ambavyo hata Swalehe hakuwa amevisoma, wakajiwekea sharti: ukifika katikati ya kitabu, andika jina la unayemdhani muuaji kwa penseli ndani ya jalada. Atakayekosea amwimbie mwenzake.

"Laazizi, umemwandika nani?" Swalehe angeuliza.

"Daktari."

"Wee! Anza kusafisha koo."

Mle vitabuni mlikuwa na kanali mmoja wa jeshi, na Faudhia alimtamka kama alivyoandikwa, herufi kwa herufi: koloneli. Wenye Kiingereza chao husema keneli. Swalehe alilijua hilo, ila neno lile kinywani mwa Faudhia lilimpendeza mno, hata akawa analitafutia sababu lisemwe tena. Miezi minane! Mwalimu mzima, anajua na kanyamaza.

Ikaja sherehe ya kumuaga mwalimu mwenzake, Ignasi. Faudhia alikuja kapendeza, gauni la zambarau, hina mikononi. Mezani wakamuuliza habari za vitabu, naye akachangamka.

"Niko katikati ya cha saba. Na nawaambia, koloneli ndiye kaua!"

Meza nzima ikaangua kicheko. "Ati ko-lo-ne-li!" Ignasi akarudia huku akijifuta machozi. Faudhia akamgeukia Swalehe. Na Swalehe, Mungu amsamehe, alikuwa anatabasamu.

Faudhia akainuka akatoka. Swalehe akamfuata nje mbio.

"Ulikuwa unajua?" Faudhia aliuliza.

"Nilijua. Nilipenda tu unavyolisema, mpenzi."

"Miezi yote hiyo? Kumbe mimi nilikuwa kichekesho chako."

"Si hivyo, Faudhia..."

Alishapanda bodaboda ya kwenda stendi.

Miezi mitatu simu haikupokelewa. Barua alizompa Hemedy zilirudi hazijafunguliwa. Mwishowe Swalehe akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda mwenyewe Ruangwa, akasimama dukani katikati ya mifuko ya salfa.

"Nisamehe. Baba mdogo yuko tayari kuleta posa. Sema neno moja tu."

"Nilishakusamehe." Faudhia akatoa kitabu cha saba chini ya meza, kipande cha kanga alichowekea alama kikiwa bado katikati yake. "Ila sikiliza."

Akasoma mstari mmoja kwa sauti, akisita kila penye neno gumu kama mtu anayevuka daraja bovu. Alipomfikia kanali akasema keneli, sawasawa kabisa. Swalehe aliumia moyo.

"Nimejifunza kwenye simu," Faudhia alisema. "Siku hizi nikikuwaza tu, kila neno nalipima kwanza. Nitaishi hivyo ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

"Wewe sema unavyotaka, mama."

"Siwezi tena. Ungeniambia tukiwa wawili, ningecheka, tungeendelea. Nakupenda, Swalehe, na sitaolewa na wewe. Chukua kitabu chako. Na usinipigie."

Machozi yalikuwa yanamtoka Faudhia wala hakuyafuta.

Ndani ya basi Swalehe alifungua jalada. Chini ya jina aliloandika yeye, la mpishi, kabla ya kumpelekea kitabu bila kukimaliza, palikuwa na mwandiko wa Faudhia: Koloneli. Akaanzia pale penye kipande cha kanga, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Muuaji alikuwa kanali.

Faudhia alikuwa amepatia. Swalehe akatoa simu haraka amwambie kwamba ni yeye Swalehe anayedaiwa wimbo, akaitafuta namba, ikawa tayari kwenye kioo. Akaitazama mpaka basi likaingia Nachingwea, kisha akairudisha simu mfukoni.