Gauni Lisilo na Jina

Kila alasiri, akitoka shuleni, Seimi alipitia moja kwa moja kwenye duka la dobi la shangazi yake. Alijaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia, kisha akaketi kaunta kupokea nguo huku shangazi akipiga pasi chumba cha nyuma. Sheria ya duka ilikuwa moja: nguo haiingii ndani kabla jina halijaandikwa kwenye utepe mweupe na kubanwa kwa pini ndani ya kola. "Nguo bila jina ni yatima," shangazi alipenda kusema.

Seimi halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika hilo darasani, siku mwalimu wa Kiingereza alipomtaka aonyeshe jinsi ya kumuuliza mgeni jina. Kwetu mtu hutaja jina, basi, yamekwisha. Kiingereza kina "say" na kina "tell", na kila moja lina mahali pake. Yeye alisimama kwa madaha akatangaza, "Say me your name!" badala ya "Tell me". Darasa zima likaangua kicheko, na hata mwalimu akashindwa kujizuia. Tangu siku ile ikawa Seimi huku, Seimi kule, naye akaapa kutofungua tena kinywa kwa Kiingereza.

Ijumaa moja aliingia mzee mmoja, mgeni, amebeba gauni jeupe mikononi kama mtoto aliyelala. Hakujua Kiswahili. Alizungumza Kiingereza polepole, na Seimi akaelewa yote: gauni lilikuwa la mkewe. Mkewe amefariki. Kesho asubuhi lipelekwe hospitali, kwenye chumba cha maiti, avalishwe kabla ya kuzikwa. Kisha akasimama kidogo, akingoja kama kuna jingine.

Utepe ulikuwa mkononi mwa Seimi. "Say" au "tell"? Alikisikia tena kile kicheko cha darasani. Akatikisa kichwa tu kuwa hakuna, na mzee akaondoka.

"Umechukua jina?" shangazi aliuliza kutoka nyuma.

"Ndiyo, shangazi."

Akaubana utepe mtupu ndani ya kola, akampelekea shangazi gauni na ujumbe wa mzee.

Jioni gauni lilifuliwa, likatundikwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma likauke. Seimi alikula chakula cha jioni pale pale dukani, akiwa amelielekea. Upepo wa dirishani ulilijaza, mikono yake ikainuka kidogo, ikashuka, kana kwamba mwenyewe amelifuata na sasa anangoja aitwe. Aliogopa, aliogopa kweli. Alihamisha kiti akalipa kisogo, ikawa balaa zaidi, maana sasa alihisi linamtazama.

"Una nini wewe? Unadonoadonoa kama kifaranga mgonjwa," shangazi alisema.

"Nimeshiba, shangazi."

Asubuhi shangazi alilipiga pasi haraka bila kuusoma utepe, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi safi. Kijana wa pikipiki alikuwa tayari mlangoni.

"Haya, mtajie kaka yako jina la marehemu, alipeleke."

Seimi akaangua kilio. "Shangazi, nilikudanganya. Sikuuliza. Niliogopa kukosea, anicheke. Si husemwa heri kujikwaa kidole kuliko ulimi?"

Shangazi hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alimruhusu kijana aende zake, akachukua gauni, akafunga duka. "Twende."

Kwenye mlango wa chumba cha maiti walimkuta mhudumu aliyevaa mabuti ya mpira. "La nani hilo?"

"Jina hatunalo," shangazi alijibu kwa unyonge.

"Mama, humu ndani mna wanawake wanne wanaongoja kuvalishwa. Nikimvika mmoja nguo ya mwenziwe, yeye atalalamika kwa nani? Bila jina sipokei. Na gari la makaburini linakaribia kuondoka."

Uani kulikuwa na familia zilizokusanyika, kila moja na watu wake. Walimtafuta mzee kati yao wasimwone. Mwishowe walimkuta nyuma ya jengo, karibu na mabomba ya maji, ameketi peke yake kwenye benchi na kofia yake magotini.

"Mimi Kiingereza changu huishia 'good morning'," shangazi alinong'ona. "Ni wewe, mwanangu."

Seimi alisogea hadi kwenye benchi. "Please," alianza, "say... tell... your wife name." Yote mawili yalitoka kwa pamoja.

Mzee hakucheka. Alilitaja jina la mkewe, kisha akalirudia herufi kwa herufi, na Seimi akaliandika kwenye utepe. Halafu mzee akasema jambo jingine kwa sauti ndogo.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza.

"Anasema tangu afike hapa, kila mtu anamwita mkewe 'mwili'."

Mhudumu aliusoma utepe, akaitikia kwa kichwa, akalipokea gauni kwa mikono miwili.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema walipobaki wakingoja. "Methali ile inamwonya mwenye maneno ya kuumiza, si mtu anayeuliza. Kuuliza si ujinga. Umeuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, na mzee amekuelewa. Kilichotaka kutuaibisha ni kunyamaza kwako, na ile 'ndiyo' uliyonijibu. Kosa ukilisema mapema, tunalirekebisha wawili. Ukilificha, linakukaba peke yako, halafu linamwangukia mtu asiye na hatia."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Hebu muulize mzee, atazika na nani?"

Seimi aliuliza, safari hii bila kusita. Mzee alitazama chini. Hakuwa na mtu.

Shangazi alijitanda mtandio wake vizuri. "Basi nguo za wateja zitangoja," alisema.

Nyuma ya jeneza walifuata watu watatu tu, na wote watatu walilijua jina la marehemu.