Tangi Lililonyimwa Pumzi

Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikasita, ikazimika mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mti, mchanga mtupu mbele na nyuma. Kinyozi aliiacha iserereke mpaka ikasimama, akateremsha miguu yote miwili, akasikiliza. Nyuma yake mama mkwe wake naye alisikiliza.

"Imechoka?" akauliza.

"Inapumzika kidogo tu, mama."

Haikuwa pikipiki ya kuchoka ovyo. Ilikuwa ile aina kubwa, ya kiti cha chini na usukani mpana, nzito kama ng'ombe aliyelala. Kinyozi aliinunua ikiwa mzoga akaifufua mwenyewe nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, kwa spana za kuazima na ubishi wa kuzaliwa nao. Mkewe alikuwa amehamishiwa kazi ng'ambo ya jangwa, mama mtu akawa na hamu ya kumwona, na dhoruba ya mchanga ilikuwa imeifunga barabara kuu. Basi kinyozi, ambaye tangu siku ya posa alitafuta namna ya kumfurahisha mama huyo, akasema anaijua njia ya zamani ya malori. Aliijua kwa kusimuliwa.

Na safari hii mama mkwe, ambaye miaka yote alimwita "yule wa pikipiki", alikuwa amemfanyia jambo. Yeye ni fundi wa makochi. Alichukua ngozi ya kiti cha marehemu mumewe, akaikata, akaibandika mpira kwa ndani kuzuia vumbi, na asubuhi ya kuondoka, tangi likiwa limejaa pomoni, akaishonea papo hapo juu ya tangi lote, kifuniko na vyote. Ilikaza bila hata kunyanzi moja. "Petroli inatosha mpaka kule," alisema. "Tukifika nitafumua nikutilie zipu."  Kinyozi aliipapasa ile ngozi huku machozi yakimlengalenga.

Sasa alipiga magoti mchangani. Akatoa plagi: kavu, na cheche yake nzuri. Akachomoa mpira wa petroli: yakatoka matone machache, yakakoma.

"Uchafu huu," akasema, akaupuliza mpira kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Akarudisha, akabonyeza kitufe, injini ikanguruma. Alipanda akijiona fundi wa mafundi.

Hawakufika mbali. Ikazimika tena, akapuliza tena, ikawaka tena. Safari iliyofuata aliamua kwenda kasi, wale mwendo kabla haijagoma, na hilo ndilo lililowaponza. Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga laini, usukani ukageuka, wote watatu wakaanguka: yeye, mama mkwe, na pikipiki juu ya mguu wa mama mkwe.

Aliinyanyua kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Bomba la moshi lilikuwa limeunguza shavu la mguu, na kifundo kilikuwa kinavimba mbele ya macho yake. Dumu la maji lilikuwa limepasuka. Alilirukia, lakini mchanga ulikuwa umeshakunywa kila kitu. Ilibaki nusu chupa mkobani mwa mama mkwe.

Akataka kumwagia maji pale palipoungua.

"Thubutu," mama akasema. "Hayo ya kunywa."

Kinyozi alichana shati lake, akamfunga kifundo, akatandaza shuka juu ya pikipiki kupata kivuli, akamlaza chini yake. Jua lilikuwa limewasimamia utosini. Walipokezana chupa. Kinyozi aliona koo la mama halisogei. Alikuwa analowesha midomo tu ili yeye abakishiwe.

"Meza, mama."

"Nimemeza."

"Hujameza. Nakuangalia."

Akameza, kwa hasira. Kisha akasema, "Wewe una miguu. Nenda ukatafute watu."

"Nikuache hapa? Nitamwambia nini mwanao?"

"Mwambie nilikuwa mbishi. Ataamini."

Hakwenda. Alijua akiondoka atarudi kumkuta maiti, na alijua vilevile kwamba hawezi kumbeba. Ilibaki pikipiki iwake, basi. Akafungua kabureta juu ya kofia yake, akaiosha kwa petroli, akapuliza kila kitundu. Safi. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Petroli haishuki mpaka hewa iingie juu yake. Kila alipochomoa mpira, hewa kidogo ilipanda humo humo, ndiyo maana injini iliwaka kwa muda. Na tundu la hewa la tangi, dogo kama la sindano, liko kwenye kifuniko. Chini ya ngozi.

Akaitazama ngozi. Akaangalia pembeni. Akaanza kuosha kabureta upya. Mwanaume mzima, ameungua mgongo, anaona haya!

"Mkwe," sauti ikatoka chini ya shuka. "Hicho kidude kimeshatakata kuliko roho yangu. Shida ni nini?"

Akapuliza kitundu kingine.

"Nimekuuliza."

"Tangi halipati hewa, mama."

Aliinuka kwa kiwiko, akaikodolea macho kazi ya mikono yake. "Kumbe ni mimi."

"Si wewe, mama. Ni hewa tu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nifungue hii. Nilikuwa nafikiria kama naweza kupitia kwa chini."

"Ukakaa kimya."

"Ni kiti cha baba."

"Kwa hiyo ulitaka tufe kwa adabu!" Alipapasa mkoba wake, akatoa mkasi, hakuwahi kusafiri bila mkasi. "Ninyanyue."

Akamnyanyua, akamshika kiunoni, mama akasimama kwa mguu mmoja. Mkasi ulitua pale ambapo ngozi ilikuwa imepauka, palipokuwa pakiegemewa na mgongo wa mzee jioni zote zile. Mkono ukasita. "Mwenyewe angetucheka," akasema, sauti ikakatika, akakata. Kinyozi alipozungusha kifuniko, tangi lilivuta hewa kwa mlio mrefu. Mama mkwe alilia waziwazi, na mkwe wake akalia pamoja naye, bado amemshika.

Betri ilikuwa imechoka kwa kuwashwa sana. Kinyozi akarudisha kabureta mahali pake, akachomoa waya wa taa ili isile umeme, akasubiri, akabonyeza. Injini ilizunguka kwa shida, ikalegea, kisha ikashika. Hakuizima tena. Walifuata alama za magurudumu ya malori, jua likishuka upande wao wa kushoto, mpaka paa za mji zikaonekana.

Mkewe alitoka mbio mlangoni. Aliwakuta midomo imepasuka, mmoja hana shati, mwingine hana kiatu.

"Kumetokea nini?"

"Plagi tu," kinyozi akasema haraka. "Plagi ilisumbua."

"Mwongo!" mama mkwe akasema, akimwegemea begani. "Nililifunika tangi likakosa pumzi, nikakaribia kutuua. Na huyu mjinga akaona bora afe kuliko kuniambia." Akamtazama binti yake kwa ukali. "Sasa sikiliza, wewe. Siku mkigombana, usije kwangu. Kwangu atakuja yeye."