Moshi wa Saa Kumi na Moja

Hata likizo ya Juni ilipoanza, kazi za Flavia hazikubadilika: kufagia uwanja alfajiri, kuchota maji bombani, kisha kufuta masizi kwenye kamba kabla mama yake hajaanika nguo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba yao ilikuwa upande wa magharibi wa kituo kidogo cha umeme mjini Tabora, kando ya barabara ya vumbi ambayo zamani wapagazi waliifuata kwenda Ujiji. Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka mashariki, na moshi wote wa kituo uliwaangukia wao na jirani zao.

Baba yake, Ambrosi, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuupima moshi huo kwa macho. Kila siku saa tatu kamili asubuhi alisimama uani mwa kituo, akainua kadi yenye miraba mitano, kuanzia kijivu hafifu hadi nyeusi tii. Aliilinganisha na moshi, kisha akaandika namba ya mraba uliofanana nao daftarini. Karibu siku zote aliandika moja.

"Enzi za Mwingereza hakuna aliyejali," alimweleza Flavia kwa fahari. "Tulipopata Uhuru, wakubwa wa kituo wakaweka kanuni: moshi utazamwe mara moja kwa juma. Tangu mwaka juzi unatazamwa kila siku. Tunakwenda mbele, binti yangu."

Lakini saa kumi na moja jioni, mji ulipohitaji umeme zaidi, mtambo wa pili ulianza kunguruma. Mtambo huo ulikuwa umechakaa. Moshi wake ulitoka mweusi kama kitako cha chungu, ukalala juu ya mabati ya mtaa. Saa hiyo kadi ilikuwa imefungiwa kabatini.

Katika nyumba ya pili kutoka kwao aliishi rafiki yake Flavia, Nyamizi, aliyekuwa na pumu tangu utotoni. Kila jioni alifunga dirisha, akakaa ameinama, mabega yakipanda na kushuka. Mama yake, mjane aliyeuza karanga sokoni, alichoka kumtazama akihangaika, akapeleka malalamiko kwa Bwana Afya.

Bwana Afya, Ndugu Nassibu, alifika asubuhi moja, akawakuta wasichana hao wawili bombani.

"Shikamoo," walimwamkia.

"Marahaba. Wewe si binti wa Ambrosi? Daftari la baba yako linasema moshi ni safi. Mama yake Nyamizi anasema jioni ni mweusi. Mimi naondoka na treni ya mchana kwenda Kaliua, sitarudi mpaka mwisho wa mwezi. Nataka neno la nyumba nyingine. Jioni moshi unakuwaje?"

Flavia aliwaza. Je, baba akifukuzwa kazi? Wadogo zake wanne watakula nini?

"Ni uleule wa asubuhi," alijibu, macho yakiwa ndani ya ndoo.

Nyamizi alimgeukia, akamtazama kwa muda. Alijitwika ndoo yake, akaenda zake polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Siku tisa baadaye Nyamizi alizidiwa, akalazwa hospitali. Flavia alipokwenda kumwona, alimkuta ameegemezwa kwenye mito, midomo imekauka.

"Nilidanganya," Flavia alinong'ona.

"Najua." Nyamizi alitafuta pumzi. "Ulimwogopea baba yako. Mimi ningekuwa na baba, labda ningemwogopea vilevile."

Alhamisi ya juma lile, kabla ya adhuhuri, Nyamizi alifariki dunia.

Matanga yalipokwisha, Flavia alimweleza baba yake kila kitu. Alitarajia kofi. Ambrosi alikaa kitako juu ya kizingiti, akafunika uso kwa viganja.

"Mwanangu, uongo wako ulikuwa wa siku moja," alisema baadaye. "Wangu nimekaa nao miaka miwili. Kanuni ilisema saa tatu, nami nikashukuru kwamba haikusema jioni. Inuka, twende."

Walianza kwa mama yake Nyamizi. Flavia alipiga magoti, akasema maneno yote bila kuyapunguza. Yule mama alilia hadi sauti ikamkauka.

"Daktari ameniambia moshi peke yake haukumuua," alisema mwishowe. "Lakini ulimchosha. Ulimchosha sana mwanangu. Nendeni mkaseme huko mnakopaswa kusema."

Ndugu Nassibu aliporudi, Ambrosi alimpeleka uani mwa kituo saa kumi na moja jioni na kadi mkononi. Moshi ulilingana na mraba wa nne. Bwana Afya aliandika barua jioni ileile, na mkutano ukaitishwa. Mtambo wa pili ulizimwa, ukafunguliwa na kutengenezwa. Ambrosi alipewa onyo kali mbele ya wenzake, akashushwa cheo, lakini hakufukuzwa. Kanuni nayo ikabadilishwa: moshi utazamwe mara tatu kwa siku, jioni ikiwamo, na daftari litiwe saini pia na mkazi mmoja wa mtaa. Wakazi walimchagua mama yake Nyamizi.

Siku ya kwanza ya yule mama kutia saini, Flavia alimsindikiza hadi langoni mwa kituo, akashindwa kuingia. Alilia pale nje, kwa maana kanuni ile ilikuwa nzuri, na ilikuwa imechelewa.

Ndugu Nassibu alimkuta hapo, akachutama kando yake.

"Sitakuambia usilie," alisema. "Kanuni hutungwa na watu, Flavia, na watu hawaoni yote kwa siku moja. Ndiyo maana hubadilishwa, na itabadilishwa tena. Lakini haiwezi kubadilika kama wanaoona wananyamaza. Siku nyingine ukiulizwa ulichokiona, kiseme kilivyo, hata kama sauti inatetemeka."

"Naam, Bwana Afya," Flavia alijibu.

Alifuta machozi, akaingia ndani, akasimama karibu na mama wa rafiki yake. Yule mama hakumtazama. Lakini baada ya kitambo alinyoosha mkono, akamshika.